Mgeni wa Nguzo

Nchi ninayotaka kuwasimulia ilikuwa na jina, ila jina hilo lilipelekwa kupakwa rangi kwa ajili ya sikukuu ya taifa na mpaka leo halijarudi. Sisi wenyewe tunaiita Hapa. Askari akikuuliza unatoka wapi, unamjibu, "Natoka Hapa," naye anaridhika, maana na yeye anatoka huko huko.

Zamani Hapa hatukuwa na shida ya mtandao, kwa sababu hatukuwa na mtandao. Kisha zikaja kampuni za kebo: Kamba Njema, Utando Mpya na Ngurumo. Zikachimba, zikafukia, na kila nyumba iliyolipa ikapata kisanduku chenye taa ya kijani sebuleni. Ukitoka nje ya mlango tu, simu inakuwa kiziwi. Ndipo kila kampuni ikasimika nguzo za waifai barabarani kwa ajili ya wateja wake yenyewe. Pale njia panda kwetu zilisimama nguzo tatu, na watu wakawa wanasimama kila mmoja chini ya nguzo yake, wamepeana migongo kama wake wenza kisimani.

Serikali haikupendezwa. Waziri wa Mawasiliano, Maelewano na Utulivu, Mheshimiwa Daktari Tamimu Tendegu, akatangaza Mapatano ya Nguzo. Tangu sasa, akasema, mteja wa kampuni hii atatumia nguzo ya kampuni ile, bila malipo, popote atakapokuwa. Mimi niliona ni jambo jema. Hata sasa naona ni jambo jema. Nilipoulizwa na askari nilijibu hivyo hivyo.

Tatizo lilikuwa kanuni. Wataalamu walifungiwa hotelini kutunga sheria ya mteja wa huku anayevuta waifai ya kule. Walikula, wakalala, wakala tena, na kanuni hazikuja. Siku ya kufunga mkutano mmoja wao akakumbuka kwamba wahenga walishamaliza kazi hiyo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ikapigwa chapa vile vile ilivyo, ikatiwa muhuri. Mteja akiwa chini ya nguzo isiyo ya kampuni yake ni mgeni. Siku mbili atakirimiwa. Siku ya tatu atapewa jembe, achimbe mtaro wa kebo.

Watu walicheka. Walidhani ni mapambo tu, kama yale maneno ya kwenye khanga. Lakini sheria za Hapa zina adabu sana. Ukizicheka, zinakusubiri umalize.

*

Nguzo ya Utando Mpya ilisimikwa palepale lilipokuwa jiko langu la uji. Sikuulizwa, lakini nilishukuriwa. "Tunampongeza mama huyu kwa kujitolea eneo lake," alisema bwana mmoja mwenye kipaza sauti. Mimi si mama wa mtu, na eneo nilikuwa bado nimelishika. Nikayahamisha mafiga upande wa pili.

Mtaani kwetu muuza uji huonja kwanza. Hakuna aliyeandika popote, ndivyo tulivyo. Unachota kwa kata, unakunywa wewe mwenyewe mbele ya mteja, ndipo unammiminia. Asipokuona umeonja, kikombe hakishiki. Na watani hawakosi: "Onja tukuone, Siwema! Usituzike kabla ya mshahara."

Siku ya uzinduzi Waziri alikuja mwenyewe, na msafara wa magari uliokuwa mrefu kuliko mtaa, hata gari la nyuma likabaki mtaa wa pili. Akapanda jukwaani.

"Ndugu zangu!" akanguruma. "Upepo tunaouvuta ni mmoja, na waifai tunayoivuta iwe moja! Leo hakuna tena mtu wa Kamba, wala mtu wa Utando, wala mtu wa Ngurumo. Nyote ni wageni, na nyote mmekaribishwa! Serikali ndiyo mwenyeji wa wenyeji. Nami, kwa unyenyekevu ambao hamjawahi kuuona, ndimi Serikali ya mahali hapa. Kwa hiyo mimi ndiye mwenyeji wenu!"

Tulipiga makofi mpaka tulipoambiwa inatosha.

Aliposhuka akataka uji. Nikachota, nikanyoosha kikombe, mlinzi wake akanikamata mkono.

"Onja kwanza, dada. Wewe ndiye mwenyeji wa chungu."

"Nilikuwa naenda kuonja, kaka."

Nikaonja. Waziri akacheka, akageukia kamera. "Mila nzuri sana hii! Mwenyeji akikiogopa chakula chake, mgeni atakilaje?"

Maneno hayo yalirushwa kwenye nguzo zote za nchi. Kulikuwa na mtambo maalumu: Waziri akizungumza, kila simu iliyo chini ya nguzo inamwonyesha yeye kwanza, na haizimiki mpaka amalize.

Na ukijiunga na nguzo ya wenyewe, simu ilikuwa inakulaki kwa maandishi makubwa: *Karibu mgeni! Umekula?* Chini yake kulikuwa na majibu ya kuchagua. La kwanza lilikuwa *Ndiyo.* La pili lilikuwa *Ndiyo, nimeshiba.* Jibu jingine halikuwepo, na bila kujibu hupiti.

*

Kaka yangu Kheri ni fundi baiskeli. Sisi nyumbani ni watu wa Kamba Njema, lakini kibanda chake kiko chini ya nguzo ya Utando, mbele ya jiko langu. Mkewe Mwanaidi alikuwa kwa mama yake, huko nyuma ya milima, mimba ya kwanza imekomaa. Kheri alikuwa akifuta grisi mikononi, anajiunga, anamtazama mkewe usoni.

"Unakula lakini?" anamuuliza.

"Nakula. Mwanao ndiye anayekula zaidi. Wewe je?"

"Mimi nguzo imeniuliza, nimeiambia nimeshiba."

Mwanaidi anacheka, na Kheri anarudi kwenye mnyororo wake akipiga mluzi. Hilo ndilo kosa lake lote. Nililishuhudia kwa macho yangu.

Siku ya tatu akaja Koplo Dafa akisukuma mkokoteni uliojaa majembe mapya. Koplo Dafa si mtu mbaya. Ni mtu anayetii, na akitii huwa anatoa machozi kidogo kwenye jicho la kushoto, sijui ni maradhi.

"Wewe ndiye Kheri? Habari za ugeni?"

"Ugeni wa wapi, afande? Nyumba yetu ile pale, bati jekundu."

"Nyumba ni yako," akasema Koplo. "Upepo si wako."

"Nimeongea na mke wangu tu."

"Nani kakukataza? Ulikuwa unakirimiwa." Akamwonyesha kioo cha simu yake. "Hapa mwenyewe umesema umeshiba. Sasa ni ya tatu. Shika."

Kheri akalishika jembe huku anacheka. Akanikonyeza. "Siwema, niwekee uji. Jua likipoa nimerudi."

Jua lilipoa, na uji ukapoa.

*

Kilichonitia hofu si kazi ya jembe. Kwetu nani hajalima? Ni mahali mtaro ulipokuwa unaelekea.

Ng'ambo ya mtaa wetu kuna Uwanja wa Shabaha. Enzi za mwanzo jeshi lilikuwa likijifunzia mizinga pale, na mabomu ambayo hayakulipuka yalizama ardhini yakabaki. Ukazungushwa waya, ukawekwa kibao chenye fuvu. Mbuzi wa Mzee Mshamu aliwahi kupenya. Ikarudi kengele tu. Serikali ilituma rambirambi ikaeleza kwamba mnyama yule alikuwa na msongo wa mawazo.

Mtaro wa kebo ulikuwa umechorwa wizarani kwa rula, na rula ilipita katikati ya uwanja. Wazee wakaomba mtaro upinde kidogo. Wakajibiwa kwamba kupinda mtaro ni kupinda msimamo wa Serikali. Wakauliza, na mabomu je? Bunge likakaa kwa dharura, likayafuta mabomu yote ya Uwanja wa Shabaha kwa kura za ndiyo. Mafundi wa wizara wakaja na rangi, na lile fuvu kwenye kibao likachorwa mashavu na tabasamu.

Kutoka kibandani kwetu niliuona mtaro ukisogea. Kila asubuhi udongo mwekundu ulikuwa mbali zaidi na nguzo na karibu zaidi na waya. Na kaka yangu, kwa kuwa ana mkono mzuri, alikuwa amewekwa mbele kabisa ya wachimbaji.

Nikavaa khanga safi, nikaenda Kamba Njema.

Dada wa mapokezi aliniangalia kwa huruma aliyofundishwa. "Kheri tunamtambua. Ni mteja wetu mzuri, analipa vizuri."

"Basi semeni ni wenu, aachiwe."

"Ni wetu akiwa ndani ya nyumba, mpenzi. Akishatoka nje ni mgeni wa Utando. Tukimdai, tutaonekana hatuwaamini wenzetu. Nenda Utando."

Utando Mpya walinipa kiti na maji ya baridi. Bwana mwenye tai akanisikiliza mpaka mwisho, akashika kifua.

"Dada yangu, unatuomba tumfukuze mgeni?"

"Nawaomba mmwachie tu aende kwao."

"Ndiyo kufukuza huko! Sisi hatuna tabia hiyo. Kwetu mgeni hukaa mpaka achoke mwenyewe."

"Ameshachoka."

"Ameandika wapi? Mimi naona hapa alisema ameshiba."

Nikaenda mpaka Ngurumo, ambao hawakumhusu hata kidogo. Wakanieleza kwamba hawawezi kuingilia ugomvi wa majirani, ila kama nitapenda wanaweza kuniunganishia kebo.

Nikarudi. Miguu ilikuwa inauma, nami nikawa nawaza kwamba katika nchi yetu kila mlango una mtu mwema nyuma yake, na kila mtu mwema anakuonyesha mlango mwingine.

*

Nikaanza kupeleka uji mtaroni. Koplo Dafa aliniruhusu, maana kanuni hazikukataza mgeni kula mara mbili. Nilikuwa naonja, nawamiminia, wanakunywa wamesimama. Majembe hayakuruhusiwa kuwekwa. "Jembe halilali chini," Koplo alikuwa akikumbusha, jicho la kushoto likitiririka.

Walikuwa watu wa kila aina mle: mwalimu aliyekuwa akipakua mitihani, bibi aliyekuwa akimtafuta mjukuu, kijana aliyekuwa akiangalia mpira. Hawakuzungumza sana. Karibu na waya watu huzungumza kwa kunong'ona, kana kwamba kilicho ardhini kina usingizi mwepesi.

"Mwanaidi kajifungua?" Kheri aliniuliza bila kunitazama.

"Sijui. Nyumbani kisanduku kimezima tangu mlipoikata kebo yetu kwa mtaro huu."

"Usijiunge na nguzo, Siwema."

"Sijajiunga."

"Uniapie."

Nikamgeukia Koplo. "Afande, huyu mkewe anajifungua. Atatokaje humu?"

"Akitokea mgeni mwingine wa kulipokea jembe lake. Jembe moja, mtu mmoja."

"Nipe mimi."

Kheri akaliinua jembe kama anayetaka kunipiga nalo. "Ukiligusa, mimi na wewe hatujuani!"

"Hata hivyo siwezi kumpa," Koplo akasema kwa upole. "Huyu hajawahi kuwa mgeni. Siku ya tatu haiji kwa kuombwa, dada. Ingekuwa inaombwa, nami ningeombea ya kwanza irudi."

Hapo nikajua lile jicho halikuwa na maradhi.

Kesho yake ikatangazwa kwamba Waziri atakuja kushuhudia jembe la kwanza likiingia Uwanja wa Shabaha, ili taifa lijionee kwamba Bunge halikosei. Jembe lenyewe lilikuwa la Kheri.

*

Waya ulikuwa umekatwa, na pale ulipokatwa pakafungwa utepe. Kiti cha Waziri kiliwekwa mbali kidogo, nyuma ya ukuta wa magunia ya mchanga. Mpambe wake alitueleza kwamba magunia yale ni kwa sababu ya jua.

Kamera ziliwashwa. Najua nchi nzima ilikuwa inatazama, kwa sababu kule njia panda niliisikia sauti ya Waziri ikirudi kutoka kila simu, imechelewa kidogo.

"Wapo wavumi!" Waziri akaanza. "Wapo wanaosema ardhi hii ina kitu. Nami nauliza, kitu gani kinaweza kubaki ardhini baada ya Bunge kukifuta? Mwenyeji wenu niko hapa! Chimba, kijana!"

Kheri akakata utepe kwa jembe. Akachimba. Udongo wa pale ni laini, haujaguswa miaka, ulikuwa unatoka kama ugali. Akachimba tena. Wenzake walikuwa nyuma yake mtaroni, wameinama, hakuna aliyeinua macho. Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo yangu ya uji, nikihesabu pumzi zake.

Jembe likalia.

Halikulia kama linavyolia kwenye jiwe. Sisi tunaolima tunaijua sauti ya jiwe, ni kavu na fupi. Hii ilikuwa ndefu, na chini yake palikuwa na uvungu, kama unapogonga pipa lililofungwa.

Kheri akaganda, jembe likiwa bado limegusa. Nilimwona shingo ikilowa.

"Ni jiwe," akasema mpambe.

"Ni jiwe," akasema Waziri kwenye kipaza sauti, na simu zote za njia panda zikajibu, *ni jiwe.* "Gonga tena, kijana, taifa lisikie."

Kheri hakugonga. Koplo Dafa akasogea. "Kaka," akamwambia taratibu, "umeamriwa."

"Afande, nina mtoto anakuja."

"Najua."

"Gonga!" Waziri akasema kutoka nyuma ya magunia.

Nikaitua ndoo. Sikupanga. Miguu ilishuka mtaroni yenyewe, nikaushika mpini wa jembe juu ya mikono ya kaka yangu, nikamwambia, "Liachie polepole." Tukaliinua pamoja, kama mtu anavyomwinua mtoto aliyelala. Kheri akanitazama kama hanijui. Nikapanda na jembe, nikapita kamera, nikazunguka ukuta wa magunia. Mlinzi alisita. Nilikuwa mwanamke mwenye khanga aliyebeba kitu kwa mikono miwili, na kwetu anayebeba kwa mikono miwili analeta heshima.

Nikapiga magoti mbele ya kiti. Nikamnyooshea mpini.

"Mheshimiwa," nikasema, "karibu uonje. Mwenyeji huonja kwanza."

Kutoka njia panda sauti yangu ikarudi, nyembamba, mara mia. *Mwenyeji huonja kwanza.*

Waziri alilitazama jembe. Akaitazama kamera. Kamera nayo ikamtazama, maana mpiga picha alikuwa amezunguka magunia akinifuata. Tone la jasho lilimtoka kwenye paji likateremka mpaka kwenye medali.

"Dada yangu," akasema, na ngurumo yote ilikuwa imemtoka, "mimi hapa..." Akarudi nyuma kitini. "Kwa leo, mimi hapa ni mgeni."

"Mgeni, Mheshimiwa?"

"Mgeni kabisa. Nimetoka mbali. Kwa kweli eneo hili silijui."

Nikasikia nguzo zikivuma. Kisha Koplo Dafa akatoka mtaroni, akasimama mbele ya Waziri, akapiga saluti iliyonyooka kuliko zote nilizowahi kuziona. Macho yake yote mawili yalikuwa makavu.

"Mheshimiwa mgeni," akasema. "Umekula?"

Uso wa Waziri ukachangamka, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa nyuma. Akajibu haraka, kabla mlango haujafungwa.

"Ndiyo! Ndiyo, nimeshiba!"

Na kila simu ya nchi ya Hapa ikarudia, *nimeshiba.*

"Basi ni siku ya kwanza," akasema Koplo, na akageukia mtaro. "Nyumba ikipata mgeni mkubwa, siku hiyo hailimi. Pandeni juu. Kheri, jembe lako limepata mtu. Nenda kamwone mkeo."

Wachimbaji wakayasimamisha majembe yao kwenye udongo, mipini juu, ili pasiwe na lililolala chini, wakapanda mmoja mmoja bila kukimbia. Mpaka tulipovuka waya ndipo yule bibi aliyekuwa akimtafuta mjukuu akaketi njiani na kuanza kulia.

Kheri hakuaga. Alichukua baiskeli ya mteja, akaelekea milimani.

*

Waziri yuko kwetu. Pahali pa kumweka hapakuwa na ubishi, maana alisema mwenyewe mbele ya taifa kuwa ni mgeni, na nguzo ziko mlangoni kwetu. Tulimtandikia chumba cha Kheri. Ameipigia simu wizara imwondoe. Wizara imemjibu kwa heshima kwamba huko aliko ni mgeni wa wenyewe, na wao hawana tabia ya kuingilia wageni wa watu. Ameipigia Ngurumo, ambayo ana hisa zake. Wamemwunganisha na Utando. Utando wamemwambia hawafukuzi.

Namlisha vizuri. Jana alikula wali wa nazi na kuku. Leo nimempa samaki. Kila chungu naonja mbele yake, na yeye anatazama koo langu likishuka, ndipo anapokula. Watu wanapita dirishani, wanamwamkia, wanamuuliza hali. Koplo Dafa anakuja asubuhi na jioni kumtazama, anapiga saluti, anaondoka.

Kebo yetu imeungwa, kisanduku kimewaka tena, na mchana Kheri amepiga simu kutoka milimani. Ni mtoto wa kike. Nilimsikia akilia kwa nyuma, sauti kali kama ya mtu anayedai haki yake.

Jembe nimelisafisha udongo, nimeliegemeza kwenye kizingiti, limesimama. Mheshimiwa hapitishi macho upande ule. Nilipokwenda kumwondolea sahani akanishika ncha ya khanga.

"Siwema, mwanangu," akaniuliza kwa sauti ndogo, "kwani hapa kwenu kesho kutakucha?"

Nikamfuta makombo mezani.

"Kwetu, Mheshimiwa," nikamwambia, "huwa kunakucha."